Msimbo Nao Ufanyiwe Juani

Ukitaka sanduku la mtoto anayekwenda shule ya bweni, huendi Kamukunji kumuuliza fundi alisomea wapi. Unasimama, unamtazama akikunja bati, unapitisha kidole ukingoni kama kuna ncha inayochoma, ndipo unauliza bei. Kazi yake iko juani, na kila apitaye anaiona.

Baba yangu alitulea Kayole kwa nyundo ya ufundi huo. Mimi naandika programu za kompyuta, na baada ya kubisha milango mingi Westlands na Upper Hill nina neno kwa vijana wenzangu wa Eastlands: msimbo nao tuufanyie juani.

Nasema habari za programu huria. Msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha programu, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuurekebisha. Ukiona kasoro, unaitengeneza katika nakala yako, kisha unawapelekea wasimamizi wa mradi. Wanakagua, wanauliza maswali, na wakiridhika wanaiingiza. Jina lako na tarehe hubaki palepale.

Mchango wangu wa kwanza ulianza na kadi. Maktaba ndogo ya mtaani, nilikokuwa nikijitolea kila Jumamosi, ilisajili watoto kwa programu huria. Siku moja mvulana wa ukoo wa Ng'ang'a akapokea kadi iliyoandikwa "Ng" basi. Akaigeuza nyuma, akarudi mbele, akaniuliza, "Mwalimu, jina langu linaishia hapa?"

Usiku huo nilifungua msimbo. Aliyeuandika alikuwa ametumia ritifaa kuiambia kompyuta maandishi yanaanzia wapi na kuishia wapi. Ilipokutana na ritifaa ya Ng'ang'a, ikadhani jina limekwisha. Wang'ombe naye angebaki Wang. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja, nikautuma kabla tokeni za stima hazijaisha. Siku tatu baadaye msimamizi mmoja aliye ng'ambo akajibu: mstari ni sawa, lakini liko wapi jaribio la kuthibitisha kwamba kasoro haitarudi? Sikuwa nimewahi kuandika jaribio maishani. Nikajifunza, nikaliandika, nikatia humo majina ya majirani zangu. Likakubaliwa. Mtu asiyenijua alikuwa amenifundisha kazi bila kunidai karo.

Nilipoitwa kwenye mahojiano ya kazi ninayofanya sasa, hakuna aliyeniuliza nimetumwa na nani. Walifungua rekebisho lile, wakasoma maswali niliyoulizwa na majibu niliyotoa, wakanihoji juu yake. Sisi wa mitaa hii tunaujua uchungu wa kukosa mtu wetu ndani ya ofisi. Kazi iliyo wazi hukusemea pale usipokuwa na wa kukusemea.

Wako wanaodhani programu huria ni mambo ya Ulaya na Marekani. Januari 2008, nchi ikiungua baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walianzisha Ushahidi, programu ya kupokea taarifa za ghasia kwa ujumbe wa simu na intaneti na kuzionyesha kwenye ramani. Msimbo wake ukaachwa wazi, na tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010, programu hiyo ikaonyesha waliohitaji msaada walipo. Eldoret nako, kazi ya kutunza rekodi za wagonjwa wa Ukimwi ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004. Juu yake ikajengwa KenyaEMR, inayotumika katika vituo vyetu vya afya.

Najua kujitolea hakulipi kodi ya nyumba. Kijana anayehesabu bando hawezi kufanya kazi bure mwaka mzima, na asiombwe hivyo. Aanze na dogo, saa mbili kwa wiki, katika programu anayoitumia mwenyewe. Mzigo mkubwa uwe kwa wenye uwezo. Kampuni za Nairobi zinazoendesha seva zao kwa Linux bila kulipa ziwape waandishi wao wa programu nusu siku kwa wiki, kwa mshahara uleule, warudishe mchango. Vyuo vikuu vikubali rekebisho lililoingizwa katika mradi huria kuwa kazi ya mwaka wa mwisho, badala ya miradi inayoozea kabatini. Na mwajiri apitishe kidole kwenye ukingo wa kazi kabla hajadai cheti.

Yule mvulana alipata kadi mpya, akaisoma herufi kwa herufi kabla ya kuitia mfukoni. Rekebisho lile limo katika kila toleo lililofuata. Mtoto aitwaye O'Connor akisajiliwa nalo kule Ireland, jina lake litatoka zima, likilindwa na jaribio lenye majina ya watu wa Kayole.