Darubini ya Wanafunzi si Anasa

Jioni ya tarehe 21 Januari 2014, mhadhiri Steve Fossey na wanafunzi wanne wa shahada ya kwanza waliielekeza darubini ya mafunzo, yenye kipenyo cha sentimita 35, kwenye galaksi ya M82. Mawingu yalikuwa yakiifunika London. Hata hivyo wakaiona nyota ambayo haikuwamo katika picha za zamani.

Nukta ya mwanga, hata ing'ae vipi, haijitambulishi. Siku iliyofuata darubini ya mita 3.5 huko New Mexico, Marekani, iliupima mwanga huo kwa spektroskopia: ukatawanywa katika rangi zake, na alama za kila elementi zikasomwa. Haidrojeni haikuwamo. Silikoni ilikuwamo, ikitupwa nje kwa kasi ya takribani kilomita 20,000 kwa sekunde. Basi ilikuwa supanova ya aina ya Ia, yaani mlipuko wa nyota kibete nyeupe, aina ileile inayotumiwa kupimia umbali wa galaksi. Haidrojeni ingekuwamo, tungekuwa tunazungumzia kifo cha nyota kubwa.

Wapangaji wa bajeti za vyuo vikuu, ambao huona fahari ya mitambo mikubwa peke yake, wanipe jibu: mtambo ule wa New Mexico ungejuaje pa kutazama? Supanova hiyo ilikuwa na umri wa karibu juma moja, na tayari ilikuwamo katika picha zilizopigwa na wengine. Hakuna aliyeitambua kabla ya darasa lile.