Maonyesho ya Vitabu Shuleni

Shule ya Kitui au Makueni itangazapo maonyesho ya vitabu, taabu ya kwanza ya mwalimu mkuu si kuvipata vitabu, bali ni kuviogopa. Muuza vitabu aghalabu huvileta kwa mali kauli: kilichouzwa hulipiwa, kisichouzwa hurudi dukani, lakini kilichopata doa au kukunjika jalada huhesabiwa kuwa kimenunuliwa, na shule ndiyo italipa. Ndiyo sababu huonekana mara nyingi meza iliyopangwa vizuri mno, vitabu vimefungwa katika nailoni, kamba imevutwa mbele yake, na watoto wanapita mstari mmoja, mikono nyuma. Jioni vitabu hurudi katoni safi kama vilivyokuja, na hakuna mtoto aliyefunua hata ukurasa mmoja.

Hofu hiyo ina sababu. Nchi ni kavu, na upepo wa Julai na Agosti huleta vumbi jekundu hata ndani ya darasa lililofungwa. Mchwa nao hawangoji kualikwa: katoni ikilala juu ya sakafu ya udongo, asubuhi huenda ikakutwa imeliwa upande wa chini. Basi katoni ziwekwe juu ya madawati, mbali na ukuta, na miguu ya dawati isimame ndani ya mikebe yenye oili chafu. Madirisha ya upande wa upepo yafungwe, na meza isikae penye jua, kwani jua hupinda majalada kwa muda wa saa chache. Kitambaa cha kutandika kiwe cha rangi moja. Leso yenye maua mengi ni nzuri, walakini humeza picha za vitabu.

Katika kupanga, vitabu visirundikwe kama matofali, migongo nje. Mtoto wa darasa la pili hasomi mgongo wa kitabu. Husoma uso wake. Kila kitabu kisimame kikimtazama mtoto, kikiegemea ubao mwembamba, na meza isizidi kimo cha kifua chake. Bei iandikwe katika kikaratasi kilichotiwa ndani, kisigandishwe kwa gundi. Tena vitabu vigawanywe kwa uwezo wa msomaji, si kwa jina la mpiga chapa, ambalo humhusu muuzaji peke yake.

Dawa ya ile hofu ni kutenga nakala moja ya kila kitabu iwe ya kushikwa. Mwalimu mkuu na muuzaji wapatane bei ya nakala hizo kabla ya siku yenyewe, ziandikwe katika daftari, na maonyesho yakiisha ziwe mali ya rafu ya shule. Mlangoni pawe na beseni. Mahali ambapo maji huletwa kwa punda kutoka visima vilivyochimbwa katika mchanga wa mto, beseni moja si jambo dogo, na mwalimu asione haya kumwambia kila mtoto aje na chupa yake ndogo. Maji yaliyonawiwa yatafaa miche ya maembe.

Juu ya wakati, Januari haifai. Mzazi ana sare za kununua na karo za wale walio sekondari, na pojo zake bado ziko shambani au ndiyo kwanza zinapurwa. Mwisho wa Februari mavuno ya mvua ya vuli huwa yamekwisha kufika sokoni.

Mzazi huyo atauliza kwa nini anunue, hali tangu mwaka 2018 Serikali hupeleka vitabu vya kiada shuleni moja kwa moja. Swali ni la haki, na mwalimu amjibu kwa kumwonyesha hadithi, ambazo hazimo katika mzigo huo. Za Kikamba zikae mbele. Kikamba ni lugha ya zamani katika chapa: Injili ya Marko iliyotafsiriwa na Krapf, mmisionari aliyefika kwa Kivoi huko Kitui mwaka 1849, ilipigwa chapa Ujerumani mwaka 1850. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alitoa hadithi yake Mutunga na Ngewa Yake mwaka 1954. David Maillu ni mtu wa Kilungu, Makueni, na ameandikia watoto pia. Lakini mwalimu afungue kwanza kila kitabu chake kabla ya kukitia mezani, kwa maana baadhi ya vile vya miaka ya 1970 viliandikwa kwa watu wazima hasa, na Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976.

Saa za mchana zikiisha waje wazazi. Wako miongoni mwao mama wasiojua kusoma, na desturi ni kuwaacha wasimame nyuma mpaka wakati wa kulipa. Mama wa namna hiyo apewe kiti karibu na meza, mwanawe achukue moja ya zile nakala za kushikwa, amsomee ukurasa mmoja wa Kikamba kwa sauti. Bei atajwe baadaye, akiisha kuuliza mwenyewe hadithi iliendeleaje.