Muuguzi wa Gereza Apewe Heshima Yake

Wapo watumishi wa umma ambao, wasikiapo kwamba muuguzi fulani amepelekwa kufanya kazi gerezani, humpa pole kama mtu aliyefiwa. Husema kwamba "ametupwa". Wengine huuliza amekosa nini hata akaadhibiwe hivyo. Tena wapo wanaohoji kwa nini mwizi atibiwe kwa fedha za umma, hali mkulima asiye na kosa anapanga foleni katika zahanati ya kijiji. Maneno haya husemwa maofisini na katika vyumba vya walimu, na watu wenye elimu yao. Hiyo ni kasumba, na hapana budi ipigwe vita.

Mahakama inapomhukumu mtu kifungo cha miaka 5, humnyang'anya uhuru wake kwa miaka 5. Haimhukumu kuugua kifua kikuu. Wala hakuna sheria inayomtaka mahabusu, ambaye kosa lake bado halijathibitishwa, afe kwa malaria akingojea kesi. Katiba ya 1977, katika ibara ya 12, yatambua kwamba kila mtu anastahili kuheshimiwa utu wake, na haikuufanya mlango wa gereza kuwa mpaka wa utu huo. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 2015, zilizopewa jina la Nelson Mandela aliyekaa kifungoni miaka 27, zaagiza mfungwa apate huduma ya afya ya kiwango kile kile wanachokipata raia walio huru. Mkulima adai haki yake kwa sauti kubwa. Lakini kumnyima mfungwa dawa hakupeleki hata kidonge kimoja kijijini.

Na hata asiyejali utu na ajali nafsi yake. Kifua kikuu huenea kwa hewa, na hupendelea mahali watu wengi wanapolala chumba kimoja. Askari anayefunga mlango jioni hurudi kwa mkewe na watoto wake. Mfungwa amalizapo kifungo hurudi kwao. Basi muuguzi anayempima makohozi mfungwa aliyekohoa kwa wiki 2, na kumtenga na wenzake, anailinda familia ya askari, shule wanakosoma watoto hao, na kijiji kizima.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgonjwa hushikwa na homa usiku, mlango umefungwa na funguo ziko kwa mwingine. Mgonjwa hutakiwa aeleze siri za mwili wake askari amesimama kando. Yupo anayejifanya mgonjwa ili akwepe kazi ya shamba. Na muuguzi aliyekwisha danganywa mara 3 hulazimika kumsikiliza wa 4 kwa moyo ule ule, kwani huenda huyo ndiye anayekufa. Mahabusu aliyeanza dozi ya miezi 6 ya kifua kikuu hupata dhamana au huhamishwa gereza, na dawa zikakatizwa. Na dozi iliyokatizwa huweza kuzaa ugonjwa sugu.

Hata hivyo kazi hii ina malipo yake. Muuguzi wa hospitali ya wilaya humwona mgonjwa leo, kesho hamwoni tena. Wa gereza humwona aliyeletwa amebebwa akipata nguvu wiki hata wiki, mpaka atembee kwa miguu yake. Kwa wafungwa wengine, yeye ndiye mtu wa kwanza kuwauliza wanaumwa wapi bila kuwauliza wameiba nini.

Jambo zito kuliko yote ni kwamba muuguzi huyu ana mabwana wawili: amri ya mkuu wa gereza na kiapo cha uuguzi. Kanuni za kimataifa za 1955 zilimtaka daktari athibitishe kwa maandishi kwamba mfungwa aweza kustahimili kufungiwa peke yake au kupunguziwa chakula. Tabibu akageuzwa mpiga muhuri wa adhabu. Kanuni za 2015 zimewakataza watumishi wa afya kushiriki katika kutoa adhabu, na zimeweka uamuzi wa tiba mikononi mwao peke yao. Lakini kanuni iliyolala kabatini haimsaidii muuguzi wa cheo cha chini anayeambiwa kwamba mgonjwa wake anadeka tu, asipelekwe hospitali.

Kwa hiyo maofisa utumishi waache kulifanya gereza jalala la watumishi wakorofi. Muuguzi wa gereza apandishwe cheo na apelekwe masomoni sawa na wenzake. Walimu wa vyuo vya uuguzi waifundishe kazi hii kama kazi ya heshima. Na wakuu wa magereza walitii neno la tiba, hata litamkwe na mtu mwenye cheo kidogo kuliko wao.

Taifa linalomfunga mtu limejitwika dhamana ya uhai wake, na anayeibeba dhamana hiyo usiku na mchana ni muuguzi wa gereza. Asiachwe aibebe peke yake.