Mama yako ana sudusi yake: umeiandika?



Ndugu zetu Waislamu wa Uganda, kila tufundishapo somo la mirathi madrasa, huwa tunasikia neno moja kutoka kwa wazazi: "Sisi hatuna haja ya kuandika wasia, Mwenyezi Mungu amekwisha gawa." Ni kweli amekwisha gawa, katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Lakini mahakama za nchi yetu hazigawi kwa Suratun Nisaa.

Katiba ya mwaka 1995, Ibara ya 129, ilizitaja mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi wa watoto, ila ikaliachia Bunge kuziwekea sheria. Miaka 30 ikapita bila sheria hiyo kutungwa. Shehe anaweza kuwasuluhisha mkikubaliana. Akitokea mmoja akakataa, mnakwenda mahakamani, na huko marehemu asiyeacha wasia anahukumiwa kwa Sheria ya Urithi ya mwaka 1906, ambayo ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2022. Kwa marekebisho hayo mume au mke aliyebaki hupata asilimia 20, watoto asilimia 75 sawa kwa sawa, jamaa waliokuwa wakimtegemea marehemu asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1.

Sasa ndugu msomaji, tafuta hapo mama mzazi yuko wapi.

Tuchukue mfano. Mtu amefariki akaacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Madeni yamelipwa, zimebaki shilingi milioni 48, mbali na nyumba aliyoishi, ambayo sheria ya nchi imeiwekea utaratibu wake. Kwa faraidh mke ana thumni, milioni 6. Mama ana sudusi, milioni 8. Zinazobaki milioni 34 ni za watoto: wa kiume milioni 17, na kila wa kike milioni 8 na nusu. Kwa sheria ya nchi mke anachukua milioni 9 na laki 6, na kila mtoto milioni 12. Mama anaingia katika lile fungu la asilimia 4, ambalo halifiki hata milioni 2, tena aligawane na jamaa wengine, na kwa sharti kwamba alikuwa akimtegemea mwanawe. Mama anayeuza ndizi zake sokoni na kujilisha mwenyewe anaweza kuambiwa hakuwa tegemezi, akatoka mikono mitupu.

Tunajua kuna dada zetu watakaosema: kwa hesabu hiyo mjane na binti wanapata zaidi serikalini, kwa nini tuandike wasia? Swali hilo lisijibiwe kwa ukali. Wajane wengi hawaoni hizo asilimia 20 wala hiyo thumni. Shemeji anakuja siku ya tatu, anasoma nusu ya aya, ile ya fungu la mwanamume, kisha anaondoka na hati ya kiwanja. Huyo hajafuata Qur'ani wala serikali. Faraidh ikitimizwa yote inamlazimisha kumpa mjane thumni yake na mahari aliyokuwa bado anadai, kwa kuwa mahari ni deni na deni hutangulia mirathi. Inabakisha pia kwa wanaume wa ukoo jukumu la kuwalisha hao mayatima. Mwenye kutaka fungu kubwa aubebe na mzigo wake. Sheria ya 2022 nayo imefanya kumfukuza mjane au watoto katika nyumba ya marehemu kuwa kosa la jinai, na hilo tunaliunga mkono bila kusita.

Mtume (s.a.w.) alituonya tusilale siku mbili bila wasia ulioandikwa ikiwa tuna cha kuusia. Sheria ya nchi inauheshimu wasia ulioandikwa na kutiwa saini mbele ya mashahidi wawili. Mashahidi hao wasiwe katika wanaopata kitu, maana shahidi aliyeachiwa mali anaweza kuikosa. Taja msimamizi unayemwamini, orodhesha mali na madeni, kisha andika wazi kwamba kinachobaki kigawiwe kwa mirathi ya Kiislamu na utaje nani atafanya hesabu. Usimwusie mrithi, na usivuke thuluthi kwa asiye mrithi. Thuluthi hiyo ndiyo nafasi ya mtoto uliyemlea ambaye si wa damu yako. Usimwache mtu aliyekuwa akila kwako bila chochote, kwa sababu mahakama ina uwezo wa kuingilia wasia ukamfanyia hivyo.

Kodi ya mirathi hatuna Uganda. Gharama zilizopo ni za mahakama na za kuandikisha ardhi. Kibali cha usimamizi sasa kina muda wa miaka miwili, kwa hiyo msimamizi asikae na shamba la mayatima mwaka baada ya mwaka akisema bado anashughulikia.

Jambo la mwisho ni kwa wenye wake zaidi ya mmoja. Thumni ni moja, wote wanagawana. Lakini mke ambaye nikaha yake haina cheti atathibitisha nini mbele ya hakimu siku haupo? Kiandikisheni cheti hicho wiki hii, na nakala akae nayo yeye mwenyewe.

Wabillahi tawfiiq.