Kadi yenye mwisho

Wasee, kuna mtu ameniuliza kwa meseji: "Hizi kadi za kujaza pesa kwanza ndio utumie zinanisaidia nini na niko na M-Pesa?" Wacha nijibu hapa ili wote msome.

Mwaka juzi nilikuwa nimeacha chuo lakini bado naishi hapa Chepkoilel (kodi ya huku ni nafuu kuliko tao, msinicheke). Nilitaka programu ya kuhariri video. Walikuwa wanakupa siku saba bure, bora tu uweke namba za kadi. Mimi sikuwa na kadi. Nikaazima ya benki ya mathe.

Siku saba zikaisha nikiwa nimesahau. Wakakata malipo ya mwaka mzima, tena kwa dola. Mathe alijua akiwa agrovet anatafuta mbolea ya kupandia. Kadi imekataa, na watu wako kwa foleni nyuma yake. Hata hakunigombeza. Alinipigia akauliza, "Kijana yangu, pesa yangu imeenda ng'ambo kufanya nini?" Nilimrudishia polepole, miezi minne.

Kosa ni langu, sawa. Lakini lilifika hadi kwa mbolea kwa sababu kadi ya benki imeshikana na akaunti nzima. Ile ya kujaza kwanza ukiiwekea mia nane, mtu akiiba sana ataiba mia nane. Hii kitu si ngeni. Tumekua tukikwaruza kredo ya bob ishirini, na nyumbani tunanunua tokeni za stima. Zikiisha unakaa giza, ndio, lakini hakuna bili itakuja kukushtua.

Tangu 2022 Safaricom na Visa wako na GlobalPay, kadi ambayo huwezi kuishika, inakaa kwa simu tu. Unaifungua kwa *334#. Mtu bila akaunti ya benki analipia vitu vya mtandaoni kama wengine. Kwa sisi tunaotengeneza video hiyo ni kazi au kukosa kazi.

Sasa hapa ndio wengi wanateleza: hiyo kadi haina mfuko wake. Inavuta kutoka kwa M-Pesa yako, yote iliyo ndani. Kwa hivyo mimi niko na laini ya pili. Sijawasha Fuliza huko, na naiwekea pesa ya mwezi huo pekee. Wakijaribu kukata kitu sikukubali, wanapata hewa.

Na sisemi kila kadi ya kujaza ni poa. Nairobi 2013 Google na Equity walileta BebaPay ya kulipia nauli ya matatu. Kufika 2015 ilikuwa imefungwa. Sishangai. Makanga anaishi na pesa ya mkononi, chai yake iko hapo, ya askari iko hapo. Na wewe uko na hamsini mfukoni, ya nini uifungie kwa kadi ya kulipa kitu ambacho hamsini yenyewe inalipa? Ile yangu inanilipia kitu ambacho noti haiwezi. Tofauti iko hapo.

Mathe naye sasa anataka nimfungulie. Nimemwambia kwanza anunue laini ya pili. Amesema hiyo laini ni mimi nitanunua, na bado ananikumbusha ile mbolea.