Uwindaji Ulikoma, Shabaha Isikome

Iko elimu moja inayozikwa pamoja na wazee wa Migori na Homa Bay, na wala hakuna anayeiwekea matanga. Elimu hiyo ni ya usasi: kulenga kwa mkuki na kwa uta, kusoma nyayo, kujua upepo unatoka wapi, kuvizia bila ya kutikisa jani. Tangu mwezi wa Mei mwaka 1977, Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipopiga marufuku uwindaji katika Kenya nzima, kijana wa huko hana uwanja wa halali wa kujifunza mambo hayo. Nasema mapema, nisije nikafahamiwa vibaya: sitaki marufuku hiyo iondolewe. Nitakalo ni kwamba vijana wafunzwe ufundi wa wasasi na washindanishwe hadharani, pasi na kumwaga damu ya mnyama hata mmoja.

Msomaji wangu wa Lamu, wa Malindi au wa Vanga huenda akauliza: Ziwa na Pwani wapi na wapi? Jawabu ni kwamba jambo hili si geni kwetu. Sisi ndio watu wa Fumo Liyongo, shujaa wa uta. Wazee wetu wanaposimulia habari zake, kisa kinachowachangamsha watoto ni kile cha kikoa cha makoma. Kila mtu alipanda mti kwa zamu yake kuwaangushia wenziwe matunda, na maadui walikuwa wakiingoja zamu ya Liyongo wamfume mishale akiwa juu. Liyongo hakupanda. Alivuta uta wake akayaangusha makoma kwa mishale, na hila yao ikavunjika. Sifa ya shabaha yake imedumu mpaka leo, na alichokipiga kilikuwa tunda.

Sasa tuvuke bara mpaka upande wa Ziwa. Kwa Wajaluo msasi huitwa jadwar, na silaha yake kubwa ni mkuki. Walitoka kwa makundi pamoja na mbwa wao. Kwa Wakuria wa upande wa Kehancha na Isebania, sifa kubwa ni ya uta na mishale. Kijana aliyefuatana na wakubwa alijifunza mengi zaidi ya kuua: kunyamaza, kutii amri ya aliye mbele, kushika zamu yake, na kuridhika na fungu alilopewa. Na katika karamu Mjaluo hujisifu kwa pakruok, majigambo yasiyotofautiana sana na ya kwetu ngomani. Majigambo nayo humtaka mtu awe na jambo la kujisifia.

Mlango wa uwindaji haukuanza kufungwa mwaka 1977. Wakoloni ndio walioanza, kwa sheria za leseni zilizomfaa mwenye fedha na bunduki. Mwezi wa Aprili mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa akapanda garimoshi kwenda bara. Katika safari yake hiyo, iliyoendelea mpaka mwaka 1910, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Yeye akaitwa mwindaji mkubwa. Mwananchi aliyetoka na mkuki kutafuta kitoweo akaitwa jangili. Dhuluma hiyo haijasahauliwa, na ndiyo sababu wako watu ambao wakisikia neno “hifadhi” huona ni jina jingine la kunyimwa.

Lakini dhuluma ya jana isitufumbe macho tusiione hali ya leo. Katika bonde la Lambwe, Homa Bay, iko Mbuga ya Ruma, yenye eneo la kilomita za mraba 120 hivi. Ilianza mwaka 1966 ikiwa hifadhi ya wanyama, ikafanywa mbuga ya taifa mwaka 1983. Zamani walinzi wa bonde hilo walikuwa mbung'o na ugonjwa wa malale, vilivyowazuia watu wasikae. Humo ndimo walimobakia korongo wa Kenya, wale wanyama wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma, ndugu wa palahala wetu wa Shimba Hills. Hesabu ya wanyama ya nchi nzima iliyofanywa mwaka 2021 ilipata korongo 15 tu. Palahala walikuwa 51. Safu moja ya msikiti wa mtaa ina watu wengi kuliko hao korongo.

Wako wanaotaka uwindaji urudishwe. Hoja yao si mpya: mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada uliokusudia kuufungua tena mlango huo, lakini Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikaja kukaza zaidi, ikakataza uwindaji wa starehe na hata wa kitoweo. Nami nauliza: hata lau mlango ungefunguliwa kesho, korongo 15 watagawanywaje kwa vijana wa kaunti mbili?

Hata hivyo, kukataza peke yake si kufunza. Amri iliuondoa mkuki mkononi mwa kijana, isimpe kitu badala yake. Kilichobakia porini ni tanzi la waya. Waya hautaki ujuzi wala subira, na hauna macho. Humnasa jike mwenye mimba sawasawa na dume, humnasa anayetafutwa na asiyetafutwa, na mwenye kuutega amelala nyumbani kwake. Kijana wa waya hajui nyayo, hajui majira ya kuzaa, hajui hata mnyama gani aliyemnasa mpaka aende kumtazama. Huyo hakurithi kitu kwa jadwar. Nionavyo mimi, tumeupoteza ufundi na tumebaki na uharibifu.

Pwani tumekwisha kuyaona haya. Nyuma ya Malindi, kandokando ya mto Galana na upande wa Tsavo, waliishi wasasi wa Kiwaata, ambao wengine huwaita Waliangulu. Uta wao ulikuwa mzito, mgeni haupindi kwa urahisi, na mshale wao uliopakwa uchungu ulimwangusha ndovu. Katika miaka ya 1956 na 1957 Serikali ya kikoloni ilifanya msako mkubwa huko Tsavo, na wengi wao wakafungwa. Mwaka 1960 ukaanza mpango wa Galana wa kuwapa baadhi yao kazi ya uwindaji wa halali, lakini haukudumu. Ndovu nao hawakusalimika, maana katika miaka ya 1970 na 1980 bunduki za majangili ziliwateketeza kwa maelfu. Na ule ustadi wa uta, leo twausikia zaidi katika masimulizi kuliko kuuona uwanjani.

Njia nyingine ipo, na imejaribiwa humu humu nchini. Kwa Wamaasai, kijana alijipatia jina kwa kuua simba. Simba walipopungua mno katika nyanda za Amboseli, wazee walezi wa morani waliafikiana na shirika la Big Life, na Desemba mwaka 2012 ikafanyika Olimpiki ya kwanza ya Kimaasai huko Kimana, karibu na mlima Kilimanjaro. Morani walishindana kutupa mkuki, kulenga shabaha kwa rungu, kuruka juu na kukimbia. Mshindi alirudi kwao na medali na jina, na simba akabaki na roho yake. Mlezi wa michezo hiyo amekuwa David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 katika miaka ya 2012 na 2016, ambaye kwao ni Kilgoris, jirani kabisa na Migori. Michezo hiyo imerudiwa mara kadhaa tangu hapo.

Wala asije mtu akasema kwamba mkuki ni mambo ya kale yasiyo na faida. Julius Yego, aliyejifunza mengi peke yake kwa kutazama picha za video, aliutupa mkuki mita 92.72 mjini Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia.

Basi Migori na Homa Bay wamekosa nini? Uwanja wanao. Migori kuna Thimlich Ohinga, ngome ya mawe iliyojengwa bila ya chokaa, ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2018 kama ilivyoingizwa Ngome ya Yesu yetu mwaka 2011. Homa Bay kuna Ruma yenyewe. Na vijana wenye damu moto wamejaa tele. Yafanywe mashindano mara moja kwa mwaka: mkuki kwa umbali, mkuki kwa boga linaloviringishwa, uta kwa shabaha ya majani. Kisha uwe na mtihani wa nyayo ndani ya mbuga, mbele ya askari wa wanyama: nani aliyepita hapa, lini, akielekea wapi, na alikuwa peke yake au na mtoto? Waamuzi wawe wazee. Wasichana nao wasiachwe nje. Na mshindi wa nyayo afikiriwe kwanza pale askari wa mbuga wanapoandikwa, maana anayejua kumfuata mnyama anajua pia kumfuata jangili.

Sisi wenyewe twajua faida ya jambo kama hili. Lamu hushindana kwa punda na kwa mashua siku za sherehe, na kijana anayeshinda hutajwa mtaani mwaka mzima. Mashindano hayo yameutunza ujuzi wa tanga kuliko hotuba yoyote.

Dini yetu nayo haikulinyamazia jambo hili. Usasi wa kutafuta riziki ni halali kwa masharti yake: jina la Mungu litajwe wakati wa kurusha mshale au kumwachilia mbwa aliyefunzwa, na aliyehirimia Haji asiwinde mawindo ya bara. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha ya mchezo. Na papo hapo vitabu vya fiqhi vya madhehebu ya Shafi vina mlango mzima wa mashindano ya mbio za farasi na ya kutupa mishale, pamoja na hukumu za zawadi, ili mchezo usigeuke kamari. Kwa hivyo ninaposema vijana wapige boga na wamwache korongo, silisemi jambo la kizungu. Masheikh wetu walikwisha kulidarisisha zamani.

Atakuwako wa kusema kwamba boga halikimbii kwa hofu, na kwamba mchezo hauwezi kuwa usasi. Ni kweli, hauwezi. Lakini kuvizia, kulenga, kusubiri na kusoma ardhi ni mambo ya kweli, uwe na windo mwishoni au usiwe nalo. Afadhali kijana awe na robo tatu ya elimu ya babu yake kuliko kuwa na waya mfukoni.

Jambo hili halina muda mrefu. Kijana aliyekuwa na miaka 18 uwindaji ulipopigwa marufuku alizaliwa mwaka 1959. Leo amekwisha kupita umri wa kustaafu, na yeye ndiye katika wa mwisho walioyajua mambo haya kwa halali. Wahenga walisema: udongo upatize uli maji. Wakubwa wa Migori na Homa Bay wawaite wazee hao mwaka huu, wawape kiti na heshima, na wawaweke mbele yao wavulana na wasichana wa kufunzwa. Miaka kumi ijayo twaweza kuwa na fedha za mashindano, tusiwe na mwalimu.