Herufi Moja na Haki ya Kijana



Tuseme kijana mwenye ulemavu wa akili ameshinda Nyamisati akipakua matenga ya samaki. Jioni mama yake amwuliza habari ya ujira, naye ajibu, "Nimelipa." Je, amelipa au amelipwa? Herufi moja tu, w, hutenga anayetoa na anayepokea. Ndivyo ilivyo kwa kupiga na kupigwa. Asiyeimudu herufi hiyo aweza kudhulumiwa, na akisema, asieleweke.

Kiswahili hujenga maneno kwa kuongeza vipande. Katika lima twapata mkulima, kilimo, limia na limwa. Wengi wetu tulijifunza hayo utotoni bila kufundishwa. Vijana wengi wenye ulemavu wa akili huchelewa; vipande hivyo ni vifupi na hupita upesi sikioni. Lakini kuchelewa si kushindwa, wala utu uzima si mwisho wa kujifunza.

Mwaka 1958 Jean Berko wa Marekani alitoa habari za watoto aliowaonyesha picha za vitu vyenye majina ya kubuni, akawataka waseme vikiwa viwili. Wengi walijibu sawasawa, ijapokuwa majina hayo hawakuwahi kuyasikia. Basi walijua kanuni, hawakukariri tu. Kwa hiyo kijana wako akisema "mvuaji" badala ya "mvuvi", usimcheke. Amefuata njia ya msomaji na mchezaji, akaunda neno mwenyewe. Mjibu kwa upole, "Naam, mvuvi huyo anavua kamba."

Yafaa kuanza na kazi ya mikono yake. Mpe samaki, useme, "Nimekupa." Naye aseme, "Nimepewa." Kisha yeye akupe, nanyi mbadilishane maneno. Fanyeni hivyo kwa sarafu: kulipa, kulipwa. Kidogo kila siku, neno moja mpaka likae, ndipo jingine.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kuwabagua kazini. Lakini haki hudaiwa kwa maneno. Nasi wasikilizaji tunao wajibu: kabla kijana hajaimudu w, tusimhukumu kwa neno moja. Tumwulize, "Fedha ilitoka kwa nani, ikaenda kwa nani?" Tumwache aonyeshe kwa mkono, kisha tumpe neno lake.